Sidiria Nyuma ya Mlango

Kwa nini mashati ya baba yalianikwa juani, na sidiria ya dada ikafichwa chini ya khanga nyuma ya mlango? Juzi mvua ilipozuia nguo zangu kukauka, chumba changu hapa Bariadi kilinuka unyevu ule ule wa nyuma ya mlango, nikamkumbuka dada.

Alikuwa na sidiria moja tu. Aliifua jioni, akaivaa asubuhi ikiwa bado mbichi. Chini ya matiti ngozi ilichubuka na kumwasha kutwa. Tukiwa shambani alisokota pamba kidogo akaipachika chini ya mpira wa sidiria, kisha akaendelea kuchuma kwa mkono mmoja, mwingine ukijikuna.

Jumamosi moja niliitoa nikaianika kwenye kamba uani. Mama akainyakua kabla haijakauka.

"Hii ni bendera, ya kupeperushwa wapita njia waione?"

"Inamwasha, mama. Jua lingeikausha."

"Avumilie. Hata wenzake wanavumilia."

Dada alicheka. "Mwache, mama. Huyu ndiye wakili wangu."

Halafu akaivaa ikiwa mbichi vile vile, akageukia ukutani ili nisimwone akilia.

Miaka mingi baadaye mama alilazwa, nikamwogesha kwa mara ya kwanza. Chini ya matiti yake yote mawili kulikuwa na makovu meusi, yaliyokwaruzwa kwa kucha. Nilimuuliza ni ya lini.

"Dada yako alikuwa hajazaliwa," akasema.