Jogoo wa Mama Mkwe Stesheni ya Morogoro

Jamani, kuna aibu mtu anazisimulia huku anacheka, na kuna aibu ambazo ukizikumbuka tu masikio yanawaka moto. Hii yangu ni ya hizo za pili, lakini kwa kuwa kila mara mnaniuliza imekuwaje mzee mzima kama mimi sijafika Unguja, leo kaeni niwaambie, nimechoka kukwepa.

Wakati huo, kabla ya Uhuru, nilikuwa fundi cherehani, kibaraza changu kiko Lipangalala. Mavuno ya mpunga yalikuwa yamekwisha, kazi zimepungua, nikasema nami nitoke nikapumue siku chache. Rafiki yangu Kasiani, aliyewahi kuwa mpishi Unguja, alikuwa amenijaza kichwa kwa habari za vichochoro na milango ya nakshi na maduka ya vitambaa ambayo fundi akiingia asubuhi anatoka jioni, basi nikatangaza pale kibarazani kwa sauti kubwa (mimi na mdomo wangu!) kwamba nakwenda Unguja. Kumbe huko ndani mke wangu Yustina alikuwa ameshapanga na mama yake kuwa sote watatu tunakwenda Bagamoyo, maana mama yake mama mkwe alizikwa huko misheni, na mama mkwe hajaliona kaburi lile hata siku moja.

Sasa mambo ya ukwe kwetu enzi zile mnayajua. Mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, jina lake hulitamki, na ukiwa na neno unampa mke wako alipeleke. Mke asipokuwepo unaliambia jungu, au fimbo, au chochote kilicho karibu, naye mwenyewe anasikia. Nilitakiwa nimwambie Yustina mapema kwamba mimi nataka Unguja. Sikusema. Nilijiambia nitasema njiani, tukifika Morogoro ambako njia zinaachana. Kosa lenyewe lilikuwa hilo tu, kunyamaza, na ndilo lililonimaliza.

Siku ya safari Yustina akaamka na homa, anatetemeka, dada yake akaitwa amwuguze. Nikashusha pumzi kimoyomoyo (Mungu anisamehe), nikajua safari imekufa. Wapi! Mama mkwe alikuwa ameshaaga kanisa zima, wanawake wenzake wamempa mishumaa akawawashie huko, na ndani ya tenga ana jogoo mwekundu wa kumpelekea padri. Akasimama nje, akauambia mlango wetu: "Mlango, mwambie mwenye nyumba mimi nimeshafunga mzigo." Nikaingia ndani kuchukua mzigo wangu.

Tukapanda lori, yeye mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia ya mchele nakula vumbi, na kila tulipopumzika nilikwenda kutafuna muhogo wangu nyuma ya kichaka asinione. Tulifika Morogoro nimechoka mpaka kope. Pale stesheni treni ya Dar es Salaam, ya mtu anayetaka boti ya Unguja, ilikuwa imesimama inapumua, na ng'ambo ya barabara lori la Bagamoyo linapakia. Mama mkwe akakaa juu ya mzigo wake, kanga usoni, mgongo kwangu. Hakuna Yustina, hakuna jungu. Nikachuchumaa mbele ya tenga.

"Jogoo," nikasema, "waambie wakubwa kwamba safari yetu ni ya Unguja."

Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Ndipo akajibu, bila kugeuka: "Jogoo, mwambie huyo kwamba mimi nimeaga Bagamoyo."

"Jogoo, waambie treni inaondoka!"

"Jogoo, mwambie hata lori linaondoka!"

Jogoo akawika (sijui alikuwa upande wa nani), na watu wakaanza kukusanyika, wapagazi, wauza ndizi, mwisho askari naye akaja. "Bwana, unazungumza na nani?"

"Na jogoo," nikasema. Watu wakaangua kicheko.

"Huyu mama ni nani wako? Anaitwa nani?"

Nitalitamkaje? Nikainamisha kichwa. Askari akamgeukia mama mkwe: "Shikamoo mama. Huyu bwana anaitwa nani?" Naye akavuta kanga akafunika uso wote. Askari akanishika mkono, akasema haiwezekani watu wasafiri pamoja na hakuna anayejua jina la mwenziwe, kwa hiyo nieleze nimemtoa wapi bibi wa watu. Ndipo mama mmoja muuza uji, mtu wa Mahenge, jirani na kwetu, akapiga ukelele: "Mwachieni, hao ni wakwe!" Askari akaniachia, lakini kicheko kilichopigwa hapo, hata wale wa madirishani mwa treni walicheka, treni ikaondoka nao wakicheka. Tulipogeuka, na lori la Bagamoyo lilikuwa limekwenda.

Mama mkwe hakutaka kungoja lingine. Aibu ilikuwa imemvunja. "Jogoo," alisema taratibu, "mwambie anirudishe nyumbani."

Tulirudi na lori la kwanza lililopatikana. Tuliposimama Kidatu kupoza injini, aliteremka, akaja mpaka nilipokaa, akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nioe.

"Baba, huko Unguja kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama. Kuna maduka."

"Bagamoyo kuna mama yangu."

Akarudi kukaa mbele. Nilitamani ardhi inimeze. Nilipanga nimpeleke kiangazi kinachofuata, nikaapa kabisa, lakini masika ilipoingia akaugua, na hakuinuka tena.

Ndiyo maana wakwe zangu wa leo nimewapiga marufuku kuongea na milango na kuku: mtu akiwa na neno, amwambie mwenyewe. Na Unguja moyo wangu ulikataa moja kwa moja. Kiangazi kile nilikwenda Bagamoyo na Yustina, tumebeba mishumaa ile ile ya wanawake wa kanisani. Yustina alipomaliza kuiwasha pale kaburini kwa bibi yake, nikajikuta nasema kwa sauti: "Mama, tumefika."

Mzee aliyekuwa anafagia makaburi akaacha ufagio. "Unazungumza na nani, bwana?"

"Na mkwe wangu," nikamjibu.