Samaki wa Kisyeri

Kila wiki Kisyeri alipanda baiskeli ya ushirika kutoka ufukweni Shirati, akakata tambarare ya udongo mweusi, akaisukuma penye vinamasi, hadi kijiji cha ujamaa alikosubiriwa na akina mama wenye masufuria. Samaki wake wa kuuza, sato, walikaa nyuma kwenye tenga, wamefunikwa majani mabichi. Hawakuwahi kunuka.

Siku ile mwenyekiti wa kijiji alimzuia mbele ya ofisi.

"Ndugu, ngoja. Mgeni kutoka wilayani anakuja kuona maendeleo yetu. Simama hapo na baiskeli akuone."

"Mwenyekiti, jua ni kali. Samaki wataharibika."

"Nimesema simama!"

Mgeni alifika alasiri. Alikula mbuzi, kisha akahutubia kuhusu afya ya wananchi, wala tenga hakulitupia jicho. Nzi walilifunika tenga zima na maji machafu yakamchuruzikia Kisyeri miguuni.

Gari la mgeni lilipoondoka, mwenyekiti alisogea akiwa ameziba pua. "Haya, wauzie sasa. Wachemshe sana tu."

"Anza wewe," Kisyeri akamjibu. "Mpelekee mama watoto."

Mwenyekiti akarudi nyuma. Bibi Nyangi, aliyekaa na sufuria tupu tangu asubuhi, alitema mate chini.

Kisyeri akaliburuta tenga hadi shimo la taka, akamwaga samaki wote.

Jioni ile, kwa amri ya mwenyekiti, alinyang'anywa baiskeli. Alirudi kwa miguu, akinawa mikono kila penye dimbwi, na harufu haikutoka.