Habari Tuliyomficha Hanneke

Hanneke alikuja Addis Ababa kwa miaka miwili, na sasa ametimiza kumi na mmoja. Kwao ni Uholanzi. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya chini ya ardhi na kuwaonyesha wachimbaji wa visima mahali pa kutoboa, kwa hiyo nusu ya mwezi alikuwa mashambani, na nusu alikuwa nasi hapa Shiro Meda, katika chumba cha uani kwa Mama Aselefech. Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Nafundisha shule ya msingi, na ndimi niliyemfundisha Kiamhari.

Alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini mgeni aliyeshiba hutiwa tonge jingine mdomoni? Kwa nini mtu akiulizwa njia asiyoijua hasemi haijui? Nilimjibu nilivyoweza, lakini mara nyingi swali lake lilinikuta sijawahi kuliwaza, nikabaki nimeduwaa kuliko yeye. Mwaka wa tatu alijiunga na chama chetu cha kuzikana. Msibani alibeba mabenchi pamoja na wanaume, kisha akamenya vitunguu pamoja na wanawake, maana hakuna aliyekuwa na hakika awekwe upande gani.

Mwaka jana, siku ya Jumatatu, simu yake ilidumbukia kisimani huko mashambani. Jumanne adhuhuri ikalia simu ya Mama Aselefech, ambayo Hanneke alikuwa ameacha namba yake kwao. Yeye Kiingereza hakijui, akanipa mimi. Alikuwa Wouter, kaka yake Hanneke. Alisema mama yao amefariki asubuhi ile, mazishi ni Jumamosi, na dada yake ampigie haraka. Alisema yote kwa pumzi moja, bila hata kuuliza kama nimekaa. Nikamwambia nitamfikishia.

Kwetu habari ya kifo haitolewi hivyo. Mtu haambiwi akiwa njiani, wala akiwa na njaa, wala akiwa peke yake. Huachwa ale, alale, na alfajiri watu wake hukusanyika mlangoni, ili akianguka pawe na mikono ya kumdaka. Kwa hiyo nilikwenda kwa Mzee Gebreyes, mwenyekiti wa chama. Jioni Hanneke alirudi ana homa, matope hadi magotini, na Mzee akasema asiambiwe. Tumngojee Genet, rafiki yake ambaye amekuwa kama dada kwake. Genet alikuwa Bahir Dar, mji wa mbali kaskazini, na basi lingemfikisha Jumatano usiku. Kwa hiyo ataambiwa Alhamisi alfajiri.

Hiyo Jumatano ndiyo inayonisumbua. Mama Aselefech alipika shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, akamlisha kwa mkono wake. Hanneke, homa imempungua, akacheka akasema tunamtunza kama bibi harusi. Wouter alipiga tena simu ya Mama Aselefech, nikatoka nayo nje, nikamwambia dada yake bado hajarudi. Kisha Hanneke akaniomba simu yangu ampigie mama yake, kwani Jumatano ndiyo siku yao ya kuzungumza. Nikamwambia haina salio. Salio lilikuwamo.

Alhamisi, kabla jua halijatoka, alifungua mlango akakuta watu thelathini wamejitanda shuka nyeupe, upindo umegeuzwa juu. Miaka kumi alikuwa ameziona shuka zile kwenye milango ya wafiwa wengine.

"Nani?" akauliza.

"Mwanangu, mama yako amepumzika," Mzee Gebreyes akamwambia.

Genet akamkumbatia. Wanawake wakaangua kilio kwa ajili ya mtu wasiyewahi kumwona, na Hanneke akalia nao, kichwa chake kifuani kwa Genet. Kisha akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza ilikuwa lini. Macho yake yakanifikia mimi.

"Mulunesh, lini?"

"Juzi asubuhi."

"Jana uliniambia simu haina salio."

"Ndiyo, dada."

Aliingia ndani akafunga sanduku, na usiku ule akasafiri.

Kwao maiti hulazwa nyumbani, na watoto ndio wanaofunga jeneza. Wouter alikuwa amesikia kutoka kwangu kwamba dada yake hapatikani, hivyo Jumatano jioni waliwaita ndugu, wakaaga, wakalifunga. Hanneke alifika Ijumaa asubuhi. Sisi huku tulikaa chini ya hema la msiba siku tatu, hatuna maiti wala mfiwa, tunatafuna ngano ya kuchemsha, chakula cha msibani. Mzee Gebreyes alisema tangu azaliwe hajaona msiba wa namna ile.

Hanneke aliporudi baada ya wiki mbili alikuja kwangu, hakunikumbatia. Nilikaanga kahawa. Nilimwomba radhi, naye akauliza naomba radhi kwa lipi hasa, nikamsogezea kikombe. Akanieleza kuwa mazishi yalichukua dakika arobaini, watu wakanywa kahawa kikombe kimoja na kipande cha keki, wakampa mkono, wakaondoka. Siku ya pili alikuwa peke yake ndani ya nyumba ya mama yake.

"Nilikwenda nimewakasirikia ninyi," akasema. "Nilipofika nikawakasirikia wao. Sasa sijui nimkasirikie nani."

Katika mkutano wa chama uliofuata alisimama akaomba iandikwe kwamba akifiwa tena, aambiwe saa hiyo hiyo. Wazee wakatazamana.

"Hata kama umelala?" Mzee Gebreyes akauliza.

"Hata kama nimelala."

"Na kama hujala?"

"Baba, hata kama tonge liko mdomoni."

"Utapaliwa ufe, tuwe na misiba miwili," akasema Mama Aselefech. Watu wakacheka, na Hanneke pia kidogo. Ikaandikwa. Mama Aselefech aliniambia njiani kwamba hiyo ni karatasi, na yeye hatamwambia mtu habari ya kifo akiwa na njaa, iandikwe isiandikwe.

Wiki iliyopita tulikuwa mimi na Hanneke tunachambua dengu uani. Akasema, bila kuniangalia, kwamba huwa anaifikiria ile Jumatano. Alikuwa na furaha siku ile, mama yake akiwa ameshakufa, na hajui kama tulimwibia siku au tulimpa.

Nilitaka kumwambia tulimpa. Kisha nikamkumbuka Wouter akingoja kwenye simu, nami nikimwambia hajarudi, na huku namsikia Hanneke akicheka ndani.

"Mimi pia sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akapuliza maganda kwenye ungo, tukaendelea na dengu.