Shaba Chini ya Maharage

Maharage yangu ndiyo kwanza yalikuwa yametoa majani, mume wangu aliponiambia kwamba bwana wa shamba anataka kuzika waya chini yake. Nilimuuliza kama huyo bwana hajaona mahali pengine popote Muheto ambapo mtu hajapanda kitu. Akasema ameona, lakini pale ni mwamba mtupu, na waya huu hautaki mwamba. Nikamwambia hata maharage hayataki mwamba. Ulimi wangu wakati huo ulikuwa haujui kupumzika, na hata uzeeni sijaupumzisha sana.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa fundi wa Mbelgiji mmoja mlimaji wa pareto. Kazi yake ilikuwa kutunza moteri ya umeme na kila kitu chenye waya. Bwana huyo alikuwa na ugonjwa wa redio. Alikuwa mmoja wa wale wanaopewa ruhusa ya kuongea wao kwa wao hewani, kwa mitambo waliyoiunda wenyewe, bila mshahara, kwa raha tu. Kutoka kilimani petu aliongea na Ulaya. Lakini alikuwa na rafiki kule Walikale, daktari mwenye mtambo kama wake, na huyo hakumpata kamwe. Mume wangu alinieleza sababu. Mawimbi mafupi ni chura: yanaruka juu, yanatua mbali, na aliye karibu anabaki hasikii kitu. Kumpata mtu wa nyuma ya milima kulitaka mawimbi marefu, na mawimbi marefu yanataka waya mrefu.

Basi wakachimba mashimo, wakasimamisha magogo mawili ya mikaratusi, na waya ukapanda gogo la kwanza, ukapinda, ukaenda hadi la pili. Pale ulipofungwa waliweka vipande vya mti mgumu vilivyochemshwa ndani ya nta ya nyuki kutoka misitu ya Walikale, ili mvua isiingie ndani na kunywa umeme. Mtambo wa bwana ulikuwa mdogo, haukuwa na nguvu ya kupoteza, na mume wangu alisema udongo ndio mwizi mkubwa. Ukiacha waya juu tu, nguvu inazama ardhini kama maji kwenye mchanga. Dawa yake ni kutandika shaba chini, nyuzi nyingi, zinazoanzia kwenye mguu wa gogo na kutawanyika kila upande kama spoki za gurudumu la baisikeli.

Mwishowe nilichimba na mimi. Ningefanyaje? Nilijua mahali mizizi ya maharage yangu ilipo, na wale vibarua wa pareto walichimba kama wanaua nyoka. Nilifungua mfereji mwembamba katikati ya mistari, mume wangu akalaza shaba, nikafunika. Alikuwa na kisanduku chenye sindano pale chini ya gogo. Kila tulipoongeza nyuzi, sindano ilisogea kidogo kwenda kulia, naye akanitazama kana kwamba nimemzalia mtoto. Nasema kweli, nilianza kuipenda ile sindano. Siku Walikale ilipojibu, sauti ya daktari ikatoka ndani ya sanduku ikiwa wazi kabisa, na bwana akacheza ngoma peke yake mbele ya kibanda chake cha redio. Mimi nilirudi kupalilia.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mama mkwe wangu, mjane, tuliishi naye nyumba moja. Alikuwa Mkristo wa rozari shingoni, wa misa kila Jumapili, lakini mawingu yakiguruma alitupa majembe, mapanga na sufuria zote nje uani, maana chuma ndani ya nyumba kinaita radi. Radi yenyewe hakuitaja kwa jina. Alisema Mwami wa juu, yaani mfalme wa juu, kama walivyosema wazee wake.

"Chuma mu miti, chuma mu shamba, chuma mu masikio ya mutoto wangu," aliniambia. "Munamuita Mwami wa juu. Atakuja."

Nilimjibu taratibu, kwa heshima, jambo lililonigharimu sana. Nilimwambia shaba ile ndiyo kinga. Ndani ya kibanda cha redio kulikuwa na mkono wa shaba ukutani. Ukiwa juu, waya wa nje unaongea na mtambo. Ukishushwa, waya huo unaungana, kupitia waya mwingine mnene unaopenya ukuta, na nyuzi zote za shambani, na radi ikija inatawanyika chini ya maharage, inakufa. Mume wangu alinionyesha mara nyingi. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, akatema mate pembeni, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Siku yenyewe ilikuwa majira ya mvua, alasiri. Bwana alikuwa ameteremka Goma, akamwacha mume wangu kibandani amsikilizie Walikale; asiseme kitu, maana ruhusa haikuwa yake. Mimi nilitoka mtoni na nguo mbichi kichwani. Upande wa Burungu mbingu ilikuwa nyeusi tii, na ngurumo zilikuwa zimeshaanza kufuatana. Nilipofika kwenye shamba langu nilisimama. Mistari ya maharage ilikuwa imefumuliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, udongo umetupwa huku na huku, mimea imelala mizizi juu. Nilidhani ni nguruwe. Kisha nikaona kwamba mifereji yote inaelekea kwenye gogo.

Shaba niliikuta nyuma ya jiko, imeviringwa vizuri na kufunikwa majani ya mgomba. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mikono imejaa udongo, uso umetulia kabisa. Majembe yalikuwa yameshatupwa uani.

"Mama, ni weye ulingoa?"

"Ni miye. Yote. Hata ile kubwa inaingia mu kibanda nilikata na panga." Akanitazama. "Mutoto wangu hatazika waya tena. Sasa iko salama."

Nguo mbichi zikaanguka kutoka kichwani. Nilimjua mume wangu. Akisikia ngurumo angeshusha ule mkono, kama alivyofanya kila mara, kisha angekaa palepale asubiri mvua ipite, akiamini amekwisha kujikinga. Lakini mkono sasa uliunganishwa na nini? Hakuna. Radi ingeshuka kwenye waya, ingefika kibandani, ingetafuta njia ya ardhini, na njia ingekuwa meza, mtambo na mtu. Sikumwambia mama mkwe neno. Si kwa heshima. Sikuwa na pumzi ya kugawana.

Nilikimbia. Kwetu mvua ya radi ikija watu hawakimbii wala hawapazi sauti. Wanakaa ndani, wanainama. Nilipopita nyumba ya jirani mlango ukafunguka kidogo, mzee mmoja akanifokea kwa mnong'ono, "Mama, kaa chini." Mvua ilinikuta nusu ya mlima, matone makubwa yenye baridi. Mwanga ulipiga ng'ambo ya bonde, na ngurumo yake haikuchelewa. Niliteleza, nikainuka, nikateleza tena. Niliwaza watoto wetu waliokuwa shuleni, misioni, na nikaona aibu kwamba nawaza mambo ya baadaye wakati baba yao angali hai.

Nilimkuta kama nilivyojua nitamkuta. Mkono wa shaba ukutani ulikuwa umeshushwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo ukutani, visikilizio vya masikioni vimelala mezani, anakula hindi la kuchoma.

"Toka," nikasema.

"Ingia, unalowa. Nilishafunga waya ku udongo."

"Udongo hakuna. Mama alingoa shaba."

"Shaba gani?"

"Yote."

Akacheka. Akasema mama yake hawezi kugusa hata uzi mmoja, anauogopa. Nikamwambia ndiyo maana ameung'oa, kwa kuwa anauogopa. Akaniambia nikae, nimechoka, nimeharibu akili kwa kukimbia. Hasira niliyoisikia pale sijaisikia tena maishani. Nilikuja na roho mkononi, na yeye anatafuna hindi.

"Vuta," nikamwambia. "Ile waya inatoka inje. Vuta uone."

Aliinuka, labda ili kuninyamazisha. Akaushika ule waya mnene pale unapopenya ukuta kwenda nje, akauvuta. Siku nyingine usingetikisika. Siku ile ukaja. Ukaja wote, laini, bila kubisha, na ncha yake ikaingia ndani ikiwa inang'aa, imekatwa na panga. Mume wangu alisimama anaitazama. Sikungoja amalize kutazama. Nilimshika shati, nikamburuta hadi waya ukachomoka kwenye mkono wa shaba, tukatoka mlangoni, tukateremka kwenye mfereji unaokata shamba la pareto, nikamlaza kifudifudi na mimi juu yake.

Mlio wenyewe sikuusikia. Kila kitu kilikuwa cheupe, kisha nikajikuta na matope mdomoni, na harufu kama ya kiberiti. Nilipoinua kichwa paa la kibanda lilikuwa limefunguka upande mmoja na moshi unatoka. Baadaye tuliona ndani. Mtambo ulikuwa umepasuka, mkono wa shaba haukuwepo tena ukutani, na benchi lilikuwa limechanika kwa urefu, kutoka pale mtu anapoegemea hadi miguuni. Mume wangu alikuwa anatoka damu sikio la kushoto. Aliniuliza kitu, nikamjibu, hakunisikia, akaniuliza tena.

Nilimshika mkono tukateremka. Mvua ilikuwa inapungua. Majirani walikuwa wameona moshi, wakaja, wakajaa nyumbani kwetu kimya. Mahali alipopita Mwami wa juu hakuna kulia. Hata akiwa ameua, hawalii, kwa sababu akisikia kilio anarudi kuuliza nani anamlalamikia, na safari ya pili hachagui nyumba. Kwa hiyo waliketi, wanamtazama mume wangu, wanatikisa vichwa.

"Niliwaambia," mama mkwe akasema. "Kama singengoa ile shaba, leo tungezika muntu."

Wakakubali. Mzee mmoja akasema kweli, Mama, Mungu alikuonyesha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na moto, matope kutoka kichwani hadi vidole vya miguu, na maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga. Mume wangu akanitazama. Nilimwelewa. Nikayameza. Yalikuwa machungu kama shubiri.

Majirani walitoka mmoja mmoja, wakasimama nje chini ya paa kungoja mvua iishe kabisa. Tukabaki watatu. Mama mkwe akanigeukia.

"Na weye, ulienda kule kufanya nini?"

"Nilienda kumuita akule."

"Muntu hapiti mu radi juu ya chakula."

Niliinama kuchochea moto. Hapo macho yake yakashuka kwenye mkono wa mwanawe. Mume wangu mwenyewe hakujua kwamba bado amekamata kile kipande cha waya, alichokimbia nacho tangu kibandani. Mama mkwe akakitazama. Aliijua ile ncha. Panga lilikuwa lake.

"Hii ilikuwa na kazi gani?" akauliza.

Ilibidi aulize tena upande wa sikio zima. Mume wangu akakigeuza kile kipande. Alikuwa mtu wa kweli, na hakuwahi kumdanganya mama yake.

"Ilikuwa ya kupeleka radi mu udongo, Mama. Isibaki na miye mule ndani."

Hakuna aliyemweleza zaidi. Hakuhitaji. Niliona jambo hilo linamwingia pole pole, usoni kwanza, kisha mabegani, kisha mikono ile yenye udongo wa shamba langu ikapanda kichwani. Akafungua mdomo, na kilio kikatoka, kilio kamili cha msiba, cha mama aliyemzika mwana. Mume wangu akamshika. Hakunyamaza.

Nje, mazungumzo yakakatika. Mtu akagonga ukuta kwa ngumi.

"Nani analia mule?" Sauti ilikuwa ya hofu, na hofu ya watu wengi ni kitu kibaya. "Nani anatulilia Mwami wa juu? Ni Mama muzee?"

Nilimtazama mama mkwe wangu. Macho yangu yalikuwa makavu, na hasira bado ilikuwa haijanitoka.

"Hapana," nikasema. "Ni miye."

Kisha nikaanza kulia kwa sauti kubwa, ili yake isisikike.