Mwanafunzi Aliyepotea Kila Bamvua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiitaja naona haya. Nilikuwa mwalimu mpya katika shule moja ya ufuoni, kusini kupita Msambweni. Mimi ni mtu wa Kombani, mtu wa mihogo. Bahari nilikuwa nikiiona kwa mbali tu. Lakini kujiona kwangu, wallahi! Hakukuwa na wa kuniambia kitu.

Darasani mwangu alikuwamo binti mmoja, Mwanaisha. Hesabu alikuwa akizimaliza kabla sijakung'uta chaki mikononi. Ila kila baada ya wiki mbili alikuwa akipotea siku tatu, nne, kisha huyo anarudi, "Shikamoo mwalimu," anakaa. Nikimuuliza alikuwa wapi, anatazama chini. Asubuhi moja nikamshushua mbele ya wenzake: "Hapa si hoteli ya Diani, uingie na kutoka upendavyo. Kama shule huitaki, katafute kazi za ndani!" Darasa zima likacheka. Mtoto akakusanya madaftari yake, akatoka, hakurudi. Wiki ya pili nikasikia shangazi yake anakuja kumchukua, akafanye kazi za ndani kweli, Ukunda.

Mwalimu mkuu wetu, Mzee Bakari, hakunifokea. Laiti angenifokea!

"Siku alizokosa umeziandika zote," akaniambia. "Mwezi je, umeutazama? Zote ni siku za bamvua. Maji yakitoka sana asubuhi, ndipo kina mama huteremka kwenye mashamba yao ya mwani. Mamake ana mguu mbovu. Asiposhuka binti, nani atafunga mwani kambani? Unafundisha watoto wa ufuoni na bamvua huijui? Nenda ukawaombe radhi."

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga wangu ulikuwa kuuliza mara moja nikachoka. Nikaenda, viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Nikawakuta majini, mama ameegemea fimbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kumuaga? Kesho anakwenda."

Nikaomba radhi. Nikaomba nimfundishe mwenyewe, jioni za bamvua, maji yakishajaa, yale yote yaliyompita. Mama akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini uliyemuumiza ni huyu, muulize yeye."

Mwanaisha akafunga fundo moja, akafunga la pili. Kisha akauliza, "Hawatanicheka tena?"

"Hawatakucheka."

Akarudi, alhamdulillahi, na mtihani akafaulu. Lakini alikuwa mtoto wa kunyoosha mkono kwa kila swali, na muhula ule mzima mkono ule sikuuona. Nilikuwa nikiuliza swali, namtazama, naye anajua jibu, ameinama.

Basi wewe unayeanza ualimu, nisikie. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoto wa maskini akikosa darasani, usimuaibishe. Nenda kwao, piga hodi, ukaone kinachomzuia. Mtoto wa mwenye nacho ukimvunja moyo, kwao watamtafutia mwalimu mwingine. Huyu hana mwingine, ana wewe tu. Ukikosea, mwombe radhi, hata akiwa mdogo kiasi gani. Ualimu haupungui kwa hilo.

Mola akupe subira, mwanangu, akulainishie ulimi, na kila mtoto atakayepita mikononi mwako atoke hali anajiona mtu. Amina.