Adapta ya Kalondu

Kalondu alikuwa fundi cherehani katika soko la Voi, na mzazi yeyote aliyewahi kushonewa naye sare ya shule atakuambia kwamba mama huyu hakukosea kipimo. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo hata marafiki zake waliisema pembeni. Akishaamini jambo, umletee mashahidi kumi, haondoki alipo. Kwenye kitambaa tabia hiyo ilimfaa sana. Kwenye mambo ya watu ilimponza, na siku iliyomponza kuliko zote ilitokana na kawaya kafupi kuliko kidole, alikokanunua karibu na stendi kwa shilingi mia moja.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Loise. Kalondu na mumewe Mutunga walihamia Voi kutoka Kitui wakiwa bado vijana. Mutunga akapata kazi ya ufundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mwatate, na Loise akazaliwa baada ya miaka tisa ya kungoja. Alipokua akawa mwimbaji kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, kanisa la mabati kule Mwakingali. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao yeye huuliza na kwaya humjibu, na watu waliacha kuuita kwa jina lake wakauita wimbo wa Loise. Kwaya iliurekodi katika studio ndogo Mwatate, nyuma ya duka la misumari. Miezi mitatu baadaye Loise akashikwa na homa siku nne, akafa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Kwaya ile ina desturi yake. Mwimbaji kiongozi akifariki, mwaka mzima hakuna anayegusa sehemu yake. Wimbo unaimbwa, kinanda kinapigwa, lakini ikifika mistari ya marehemu wote wanasimama kimya mpaka iishe, kisha wanaitikia kana kwamba wameulizwa. Wanaita hiyo kuacha nafasi. Mwaka ukiisha, kwenye ibada ya ukumbusho, mama wa marehemu humshika mkono mwimbaji mwingine na kumsimamisha mahali pale. Bila mkono wa mama, hakuna anayesimama.

Kwa hiyo kila Jumapili Kalondu alikaa benchi la tatu na kusikia shimo mahali mtoto wake alipokuwa. Alilia, lakini alilivumilia kwa sababu nyumbani alikuwa na Loise mwenyewe kwenye simu. Tatizo lilikuwa Mutunga. Mzee huyo hakuweza kuisikia sauti ile. Wimbo ukianza tu anatafuta kofia yake na kutoka nje, wakati mwingine ameacha chakula mezani, anakwenda kusimama kwenye kona ya ua akiangalia barabara. Hakumkataza mkewe. Alitoka tu. Ndipo Kalondu akaanza kutumia earphone, ili yeye apate mtoto wake na mumewe apate kumaliza kula.

Mwezi wa nane wa msiba ule, simu ya Kalondu ilikufa kioo na kila kitu ndani yake. Mutunga akamnunulia nyingine, nzuri, nyembamba, isiyo na tundu la earphone. Kalondu akamwomba Mwalimu Sylus, kiongozi wa kwaya na mwalimu wa shule ya msingi, amtumie wimbo upya. Sylus akautuma siku hiyo hiyo. Kisha Kalondu akaenda kwa Kiema, muuza vifaa vya simu, ambaye meza yake ilikuwa na adapta, vile viwaya vya kuunganisha earphone na simu, za aina tatu.

“Mama, chukua hii ya katikati,” Kiema alimwambia. “Hiyo ya mia itaimba, lakini sauti yake ni nyepesi, halafu waya yake haina maisha.”

“Wimbo wenyewe ni mmoja,” Kalondu akasema. “Wimbo mmoja utakula waya gani?”

Akachukua ya mia moja. Alirudi kwenye cherehani yake, akavaa earphone, akabonyeza. Kinanda kikaanza. Sauti ilikuwa imekonda, besi hakuna, ila hilo aliambiwa mapema. Akangoja Loise aulize. Kinanda kikapita mistari minne peke yake, kwa mbali sana kukiwa na kitu kama pumzi ndani ya chumba kitupu, kisha kwaya ikajibu kwa nguvu kulia na kushoto. Akarudisha mwanzo. Ikawa vile vile. Alirudia mara sita, na mara ya sita akaliacha shati la mteja lianguke chini.

Mtu mwingine angefikiria waya. Kalondu hakufikiria, na mimi simlaumu. Miezi minane alikuwa amesikia wimbo ule ule ukiimbwa kanisani ukiwa na shimo pale pale, kwa urefu ule ule. Alijua nani aliyeamuru nafasi iachwe kanisani. Basi aliyeiacha ndani ya simu ni huyo huyo. Laiti angeitumia adapta ile hata mara moja kusikiliza taarifa ya habari, angemkosa na msomaji wa habari pia, na mambo yangeishia hapo. Lakini habari alizisikia kwa redio ya mezani, simu alipokea sikioni, na adapta ilikuwa ya Loise peke yake.

Akamfuata Sylus mpaka shuleni, saa ya mapumziko.

“Mwalimu, umemtoa mtoto wangu kwenye wimbo.”

“Mama Loise, sijamtoa. Nimekutumia ile ile ya studio.”

“Nitumie tena.”

Akatuma tena. Kalondu akavaa waya wake palepale, akasikiliza, akauvua. Sylus naye akatoa simu yake mfukoni.

“Kwangu yuko, mama. Hebu sikiza kwa hii yangu.”

“Kwako yuko, kwangu umemtoa,” Kalondu akasema. “Mimi sitamsikiliza mwanangu kwa mkono wa mtu. Umeona mwaka unakaribia kuisha, unataka nimzoee hayuko ndiyo nisimame nimshike mkono Koki. Sema tu.”

Koki alikuwa msichana wa sauti nzuri ambaye kila mtu alijua ndiye angefuata. Sylus alibaki ameshika simu yake mbele kama mtu anayempa mtoto kitu naye amekataa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea kidogo, na wapole wakishtakiwa uongo huonekana wana hatia. Alisema tu, “Pole, mama,” na Kalondu akaichukua pole hiyo kuwa ungamo.

Mwezi wa Juni ibada ya ukumbusho ilifanyika Rukanga, kwenye kijishamba chao, Loise alikozikwa. Kwaya ilifika mapema na sare zake, ambazo Kalondu mwenyewe alikuwa amezishona. Waliimba wimbo, wakaacha nafasi kwa mara ya mwisho, na Koki akasogea hatua moja mbele, akingoja mkono. Kalondu akainuka. Badala ya kwenda kwa Koki, aliwageukia watu wote.

“Kwaya hii imefuta sauti ya marehemu,” akasema. “Mwalimu Sylus amemfuta. Sishiki mkono wa mtu. Wimbo huu ufe na mwenyewe.”

Kumjibu mama mbele ya kaburi la mtoto wake hakuna anayeweza. Mutunga alikuwa pale, kofia mkononi, na yeye pia alinyamaza. Jumapili iliyofuata wimbo uliondolewa kwenye kitabu cha kwaya. Wiki mbili baadaye Sylus aliomba kupumzika uongozi, akawa anakuja kanisani na kukaa nyuma kabisa karibu na mlango. Waliokuwa na wimbo kwenye simu zao waliufuta kwa heshima ya mama. Kalondu alipoambiwa hivyo aliona haki imetendeka. Kwa kweli alikuwa amewanyang'anya watu mtoto wake, mmoja mmoja.

Oktoba adapta ikaanza kukwaruza, sikio la kushoto likaja na kupotea. Kalondu akarudi kwa Kiema kulalamika, maana mia moja ni mia moja. Kiema aliichomeka kwenye simu yake mwenyewe, akaweka mahubiri fulani, akasikiliza, akakunja uso.

“Mama, hii inameza watu.”

“Inameza nini?”

“Mhubiri hayuko. Nasikia watu wakipiga makofi, yeye hayuko.” Akaipasua kwa wembe na kumwonyesha nyaya tatu, nyembamba kama uzi, moja ikiwa haikugusa kitu. “Hii ndiyo ya pamoja, ya masikio yote mawili. Haikuunganishwa vizuri tangu kiwandani. Sasa anayeimba katikati anaingia sawa kulia na kushoto, na bila hii waya hizo mbili zinauana, anapotea. Wale wa pembeni wanabaki. Umekaa nayo tangu lini hivi?”

Kalondu aliomba ile adapta ya katikati. Aliichomeka mwenyewe, akaivaa, akabonyeza.

Loise akauliza. Aliuliza karibu sana, katikati ya kichwa cha mama yake, na ule mkwaruzo mdogo wa kooni aliokuwa nao tangu utotoni ulikuwepo. Kalondu akakaa chini kwenye kreti ya soda ya Kiema. Hakulia kwa furaha, kama Kiema alivyodhani. Aliona uso wa Sylus pale shuleni, mkono umenyooka na simu. Alikuwepo siku ile, Loise, ndani ya simu ile, umbali wa mkono mmoja, na mama yake akakataa.

“Nirudishie hiyo uliyopasua,” alimwambia Kiema. “Ifunge na tepu.”

“Ya nini tena, mama? Hiyo ni takataka.”

“Wee funga tu.”

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Sylus. Alimkuta uani kwake akisahihisha madaftari. Hakukaa alipokaribishwa. Alimweleza yote akiwa amesimama, waya, kiwanda, mistari minne, akamwonyesha ile adapta yenye tepu kama mtu anayeonyesha nyoka aliyemuuma.

“Nilikuita mwongo kwa kaburi la mtoto wangu, Mwalimu. Nisamehe.”

“Nilishakusamehe siku ile ile,” Sylus akasema. “Ulikuwa na uchungu.”

“Basi rudi kwenye kwaya. Nitasimama mbele ya watu, niseme. Nimshike Koki mkono.”

Sylus alifunga daftari. “Koki aliolewa Agosti, mama. Ako Taveta. Na mimi, ile siku nilitafuta kwa roho yangu kama pengine kweli ningetaka kumfuta, ili tuendelee. Nikaona nilikuwa nimechoka na ile nafasi. Sikumfuta, lakini nilikuwa nimechoka. Siwezi kusimama hapo tena.”

Kalondu alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hili hakuwa amejiandaa, akaaga.

Alifika nyumbani jua lingali juu. Mutunga alikuwa mezani akila githeri. Kalondu akamwekea adapta mpya mbele yake, akamweleza, na mara hii ndiyo akalia, kwa sauti, bila kujifunika. Mutunga aliacha kijiko. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo Kalondu hakulitarajia.

“Ile ya zamani umeitupa?”

“Kwa nini?”

Mzee akaangalia sahani. “Ukienda sokoni ukisahau simu na waya wake, nilikuwa naichukua. Nilijaribu mara ya kwanza nikiogopa. Nikakuta hayuko. Kinanda kiko, wenzake wako, wanamjibu, lakini yeye hayuko. Nikaweza kukaa. Mama Loise, nimeusikia wimbo huo hadi mwisho mara nyingi kuliko wewe.” Akapangusa mdomo, ingawa haukuwa na kitu. “Nilidhani Sylus aliufanya hivyo kwa ajili yangu. Nilimshukuru moyoni. Ndiyo maana siku ile Rukanga sikusema. Ningesema nini? Kwamba mimi baba yake nilifurahi hayuko?”

Hasira ilimjia Kalondu, akaiacha ipite, kwa sababu leo alishaona hasira yake ilikompeleka. Alifungua mkoba, akatoa ile adapta yenye tepu, akaichomeka kwenye simu na kumvalisha mumewe earphone, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akimvalisha Loise sweta. Akabonyeza wimbo.

Mutunga hakutafuta kofia. Alikaa, mkono juu ya meza, na kutokana na midomo yake Kalondu alijua kinanda kimefika wapi. Ilipofika nafasi ya Loise, mzee akafumba macho, midomo ikasogea, akauliza yeye mistari yote minne, kwa sauti mbovu ya mtu asiyejua kuimba. Kisha akanyamaza akingoja kwaya imjibu.