Kumtafuta Inspekta Tipape Kajiado

Kwa miaka mingi niliwaambia wanafunzi wangu hapa Kitengela kwamba Inspekta Tipape, yule mpelelezi wa riwaya anayesoma nyayo za ng'ombe kama gazeti, alikuwa mtu wa kweli. Mwalimu Mutheu, jirani yangu wa Noonkopir, alinicheka miaka hiyo hiyo. Mwezi jana, mbele ya walimu wote, aliniambia nilete ushahidi au nikome kudanganya watoto wa watu. Niliona haya. Nikauliza huku na huku, nikaelekezwa kwa polisi mstaafu ambaye, inasemekana, ndiye aliyechorwa na mwandishi wa riwaya hizo. Mutheu akasema atanipeleka mwenyewe, aibu yangu isimpite.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliondoka na gari lake. Hadi Isinya alinisimulia vituko vya vitabuni: Tipape kaangusha majambazi sita Kona Baridi, Tipape hakulala wiki nzima. "Na kuoga alioga lini?" akauliza.

Saa nne tulifika kwa Mzee Parmuat, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Mkewe, bibi mrefu aitwaye Nasieku, alisimama mlangoni.

"Takwenya, kokoo," nikamwamkia kwa Kimaasai, kama nyanya yangu.

"Iko," akaitikia. Akaangalia viatu vyetu, kisha akamwelekezea Mutheu kidole. "Wewe ndiye hauamini."

Nikamsogelea. "Umejua kwa nyayo?"

"Nyayo gani? Mmebishana tangu kwa geti."

Ndani, chai ilimiminwa. Nikamuuliza mzee kuhusu majambazi sita.

"Mimi nilikuwa naandika ripoti kwa ofisi," akasema. "Sijapiga risasi hata moja. Kona Baridi nilipita nikienda harusi, na ile baridi ilinishinda."

Mutheu alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mimi nikang'ang'ana. "Na nyayo, mzee?"

Alimtazama mkewe. "Ng'ombe ziliibiwa, zikasukumwa kuelekea Namanga. Mimi niliona vumbi tu. Huyu mama ndiye aliona kwa nyayo kwamba moja inachechemea mguu wa nyuma, akajua ni ya kaka yake. Tukazifuata, tukazipata. Mwandishi alipokuja, aliniuliza mimi kwa sababu niko na kofia ya polisi. Na mimi nikajibu."

Kokoo Nasieku aliacha kumimina. "Miaka yote hii, haujawahi kusema hivyo mbele ya watu."

"Leo nimesema."

Kokoo akainua birika tena. Alimjazia kikombe mpaka chai ikamwagika, akatoka nje, nasi tukamsikia akicheka peke yake kati ya mbuzi.

Saa tisa tulianza kurudi. Tulipopita Isinya, Mutheu akasema polepole, "Kumbe alikuwepo."

"Alikuwepo," nikasema, "ila mimi pia nilikuwa nikiwadanganya watoto."

Nilidhani uongo wa kitabu uko kwenye bunduki. Kumbe ulianza pale mwandishi alipochagua nani wa kuulizwa. Siku hizi mwanafunzi akiniuliza kama Tipape aliishi kweli, namjibu kwamba yuko hai na jina lake ni Nasieku. Kisha nangoja darasa litulie.